Ng'ombe wa Maroa Walipohesabiwa

Mzee Maroa wa upande wetu wa Isebania hakupenda mtu amwambie kwamba ana ng'ombe wengi. Alipenda mtu ajionee mwenyewe. Kwa hiyo asubuhi aliwatoa zizini mmoja mmoja, polepole, wakati watu wanapita kwenda sokoni, na ukimsalimu alijibu kwa huzuni, "Tupo tu, na hawa wachache." Walikuwa ishirini na sita. Mkewe, Nyangi, aliwakamua wote wenye ndama akapata kibuyu kimoja kisichojaa. Mgeni alipewa chai ya rangi, akainywa akitazama mali.

Naandika habari zake kwa sababu mwaka wa 1966 kijana wake, Nyarangi, alimposa binti yangu Truphena. Mume wangu, Mirumbe, alitaka ng'ombe ishirini. Posa mbili zilikuwa zimekwisha vunjika kwa ajili ya hesabu hiyo, na Truphena aliniambia wazi, "Mama, hii nayo ikivunjika, sitaki kuposwa tena."

Ndipo akaja Bwana Mifugo, Momanyi, kijana wa Kisii mwenye soksi ndefu. Alitukusanya kando ya josho la kuogeshea ng'ombe akasema ng'ombe wetu wamezidi nyasi. Akaeleza kwamba ng'ombe akila majani makavu, sehemu ya chakula hugeuka hewa tumboni, naye huitoa kwa mbweu.

"Hewa hiyo ni maziwa yaliyopotea," alisema. "Uzeni wazee na waliokonda, pandeni majani ya nepia, watakaobaki washibe. Mtapata maziwa mengi kwa mbweu chache."

"Kijana," Maroa akauliza, "baba yako alimwoa mama yako kwa maziwa, au kwa ng'ombe?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Momanyi akangoja wanyamaze, kisha akasema wiki ijayo atapita kila boma kuhesabu ng'ombe.

Kicheko kikaisha hapo. Kwetu, serikali ikihesabu kitu chako, inataka kukichukua. Sasa, tuna desturi ya kumwekea rafiki ng'ombe. Unampelekea, anawachunga, anakunywa maziwa yao, na rafiki hawezi kukataa. Kwa siku tatu njia zilijaa ng'ombe wanaokwenda kujificha. Maroa aliwatoa kumi na wanne. Mume wangu alipeleka wanane kwa rafiki yake ng'ambo ya kijito, akabakisha wanne, na Momanyi alipofika kwetu akaapa kwamba hao wanne ndio wote aliopewa na Mungu. Zizi la rafiki yake likajaa, naye akawasogeza kwa rafiki yake mwingine. Hakuna mzee aliyefikiri kwamba mwenzake naye anaficha.

Ijumaa mume wangu na wazee watatu walikwenda kwa Maroa kuchagua ng'ombe wa mahari. Wanawake hawaitwi huko. Mimi nilijidai nampelekea Nyangi mbegu za wimbi, nikakaa mahali ua ulipokuwa mfupi.

Zizini kulikuwa na ng'ombe thelathini na wanne. Maroa alitabasamu kama mtu anayeumwa na jino. Kabla hajasema neno, Momanyi akafika na baiskeli na daftari lake.

"Mzee, ulisema ni wachache."

"Wamezaana."

"Kwa wiki moja?"

"Labda ni ile hewa yako."

Mume wangu aliingia na fimbo kuchagua. Ng'ombe mmoja mwekundu, mwenye sikio lililochanika, akamjia akamlamba mkono. Sikio lile nililipaka dawa mimi mwenyewe. Nyuma yake walisimama wenzake saba, wote wetu.

"Huyu amekupenda," mzee mmoja akasema.

"Ng'ombe mzuri," mume wangu akajibu akitazama mawingu. "Namchukua."

Angesema nini, na aliyemwapia amesimama pale na daftari? Maroa naye alijua tu kwamba yule si wake. "Chagua, mkwe wangu," akasema. "Usione haya."

Akamchagua yule mweupe wetu. Akachagua wa tatu. Nikaona binti yangu anaolewa kwa ng'ombe wa baba yake. Kesho mume wangu angewadai wanane wake, Maroa angesema umekwisha wachukua, na mtoto angerudishwa nyumbani kwa aibu.

"Baba Truphena," nikaita juu ya ua, "hao si wetu?"

Nyangi akaziba mdomo kwa mkono.

"Mama Truphena," mume wangu akasema kwa upole wa kutisha, "nani amekuita?"

"Sikuitwa. Lakini nawakamua mimi. Taja wako, na Mzee Maroa ataje wake, mtoto aolewe kwa kitu kinachojulikana."

Momanyi akafungua daftari. "Mzee Mirumbe, si walikuwa wanne?"

"Nilihesabu haraka."

Maroa alicheka mpaka akashika mti wa ua. Kisha akaulizwa yeye. Wake pale walikuwa kumi na wawili.

"Na wengine?"

"Wametembea."

Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akamgeukia mume wangu. "Mkwe, tusivuane nguo mbele ya mgeni. Chukua hawa kumi na wawili, tumalize."

Wazee wakanung'unika kwamba walisemwa ishirini. Mume wangu alitazama barabarani, ambako watu walikuwa wamekwisha simama kungoja kuhesabu. Hao ndio waliomtia hofu kuliko serikali.

Nyangi ndiye aliyesema. "Kumi na wawili wetu, na wanane wenu wanarudi kwenu. Si watapita pamoja? Huko barabarani nani atawauliza majina?"

Wazee wakatazamana, wakakubali kwa sauti kubwa.

Ng'ombe ishirini wakapita barabarani, watu wakihesabu kwa vidole, wanawake wakipiga vigelegele. Momanyi alitufuata na baiskeli yake hadi kwetu. "Mzee Maroa amebaki na kumi na wanne," akaniambia. "Hao nyasi itawatosha. Ninyi sasa mna ishirini na wanne."

Wiki iliyofuata Truphena alikwenda kwa mumewe. Mume wangu alikuwa akiwatoa ng'ombe polepole wakati wa kwenda sokoni, nami niko nyuma ya nyumba na jembe, nachimba mashimo ya nepia.