Miguu Chini ya Pazia

Ofisini walimwita Mama Pazia, tena wakicheka. Kisa, kila aendapo kukagua nyumba anamoishi mtoto, haketi, hagusi soda. Anauliza chumba cha kulala kiko wapi. "Huyu ni afisa ustawi wa jamii au fundi wa mapazia?" Wacheke tu. Wao hawakuliona aliloliona yeye.

Miaka kumi na moja nyuma, akiwa mgeni kazini, aliketi. Majirani walikuwa wameripoti vilio vya mtoto, naye akaketi kwenye kochi, akapewa soda baridi. Mama wa kambo akacheka. "Ah, dada, watu wana maneno. Huyo hapo, anaona haya tu." Chini ya pazia la chumbani vilionekana vidole vya miguu, vidogo, vimekunjana.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo," pazia likajibu.

Naye akacheka, Mungu amsamehe. Akajaza fomu: mtoto ameonekana, yuko salama. Akamaliza na soda yake. Siku ya tisa mtoto akafa. Alikutwa katika hali gani, sitaeleza. Yeye ndiye aliyeitwa kuutambua mwili, na hilo linatosha.

Tangu hapo miguu ile haijamwacha. Huiona chini ya mlango wa choo cha ofisi, huiona chini ya shuka alizoanika mwenyewe. Nyumbani kwake hakuna pazia hata moja. Mumewe alilalamika wee, mpaka akachoka.

Jumanne moja bosi alimkabidhi jalada la binti wa miaka saba, akataka lifungwe siku hiyohiyo. Shangazi anayemlea ni mtu wa heshima zake, alisema, na mwalimu aliyeripoti ana kiherehere. Shangazi mwenyewe alimpokea kwa bashasha, akamvutia kiti.

"Karibu ukae, dada. Mtoto ana homa, amelala."

"Nitasimama tu, ahsante. Naomba nimwone."

"Si nimekwambia amelala?"

"Basi nitamwona akiwa amelala."

"Yaani uingie mpaka chumbani kwangu? Huna adabu wewe!"

"Kwa leo sina," alijibu. "Unisamehe sana."

Akaelekea chumbani. Pazia lilikuwa la kijani, na chini yake kulikuwa na miguu. Nasema kweli, alitaka kugeuka akimbie. Hakujua kama ni miguu ya binti huyu au ni ile yake ya siku zote. Akalivuta.

Binti alikuwa amesimama wima, macho makavu, mkono umeviringishwa kitambaa kinachonuka usaha. Nyuma yake kulikuwa na stoo, na komeo la mlango wake lilikuwa upande wa nje. Afisa alimwomba shangazi abaki sebuleni, akachuchumaa, akauliza kwa sauti ya chini, "Unalala wapi, mama?" Binti aligeuka. Alilitazama komeo.

Jalada halikufungwa. Alasiri hiyo binti aliketi kwenye benchi la hospitali, mkono umesafishwa, anamenya ndizi kwa meno.

"Mama," akasema, "mbona unaniangalia miguu tu?"

Afisa akainua macho. Binti alikuwa na pengo mbele na kidoti juu ya nyusi. Akautazama uso ule muda mrefu, machozi yakimtoka. Wa yule mwingine hakuwahi kuuona ukiwa hai.