Kengele ya Kushoto

Mzee wa mashua ya kijani, huku Alaska, huwatafuta samoni kwa masikio: shakwe wakigombania dagaa, huitambaza mashua hapo polepole, mishipi miwili ikiburutwa nyuma, kila mmoja na kengele yake. Ya kulia ni yake, ya kushoto ya marehemu mkewe, aliyezoea kumwita bibie, na ghubani kwetu huvuti mshipi wa mwenzio. Kila asubuhi hukisugua kwa siki kijiko cha shaba cha mshipi wa mkewe, chambo kiwavutacho samoni kwa kung'aa. “Kikifubaa atanigombeza,” humwambia Solveig, muuza barafu ya kuhifadhia samaki. Jana Solveig alipanda naye. Kengele ya kushoto ikalia. “Wako huyo, bibie! Vuta!” mzee akapaza sauti, macho mbele, mikono usukanini. Solveig, aliyekaa karibu na mshipi ule, akakunja mikono magotini. Kengele ikazidi kulia. “Bibie, umelala?” Ndipo mzee akageuka, akamwona Solveig mahali pa mkewe.