Kufuata Pilipili ya Mama Mkubwa, Urambo

Pilipili za mama yangu zilinyauka zote mwaka huu, na chakula nyumbani kwetu Isevya, mjini Tabora, kikapooza. Ya dukani aliionja akaitema. "Vumbi jekundu hili," alisema. Aliyoitaka ni pilipili ndefu ya mbegu ya marehemu bibi, nayo imebaki kwa dada yake tu, mama mkubwa wa Urambo. Tatizo ni kwamba hao wawili hawajasemezana tangu walipogombania shamba la bibi. Wahenga husema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Mimi nilikata tiketi ya treni, maana nawapenda wote wawili na ule ukimya wao ulikuwa umenichosha.

"Usimwambie nimekutuma," mama alinionya mlangoni.

Kutoka Tabora reli inaelekea magharibi, upande uleule ilikopita misafara ya zamani ikienda Ujiji. Dirishani ni miombo na mizinga ya nyuki, kisha mashamba ya tumbaku. Jirani yangu alinigawia michembe, vile viazi vitamu vikavu, tukatafuna hadi Urambo.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu! Mkeo hajambo? Watoto? Na kuku wako?"

Aliuliza hata kuku. Mama yangu hakumtaja.

Nyuma ya nyumba, kando ya bani la kukaushia tumbaku, nikaona kilichonileta. Miche ilinifika kiunoni, ina maua madogo meupe yanayotazama chini, na pilipili zimening'inia ndefu kama vidole, nyekundu hadi zinang'aa. Nilizipenda papo hapo. Mama mkubwa alichuma zilizoiva tu, pamoja na vikonyo ili zisioze, akazianika juani kwenye jamvi. Zilizokwisha kukauka alizitwanga, khanga ameifunga puani. Mimi nikajifanya mwanamume, nikakaa karibu na kinu bila kitambaa. Nilipiga chafya hadi majirani wakaja kunichungulia.

Jioni tulikula ugali kwa nsansa, majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga. Alinyunyiza pilipili kidogo tu. Kwanza nilisikia utamu, kisha moto ukapanda taratibu hadi masikioni, nami nikaomba ugali zaidi.

"Mama yako angeongeza tena," alisema.

Asubuhi ya kuondoka alifunga pilipili za mbegu kwenye kitambaa. Kwetu pilipili haipokezwi mkono kwa mkono, huleta ugomvi; mtoaji huiweka chini, mpokeaji akaiokota. Ndivyo alivyofanya. Nilipoinama kuokota akasema, "Najua aliyekutuma. Ukifika, mpe mkononi."

"Mkononi, mama mkubwa? Si mtagombana?"

"Tumeshagombana. Itaongeza nini?"

Nilirudi Tabora nikiwa nimejua kuchuma pilipili na kikonyo chake, na kukaa mbali na kinu. La kuwapatanisha dada wawili sikulijua bado, ila nilikuwa nimelibeba kitambaani.

Isevya, mama alinipokea uani. Nikamnyooshea kile kitambaa.

"Weka chini," alisema.

"Mama mkubwa kasema nikupe mkononi. Eti mmeshagombana, haina cha kuongeza."

Mama alitaka kununa, kicheko kikamponyoka. Akakipokea kwa mikono miwili, akakikumbatia, machozi yakamtoka kabla hata hajafungua fundo.

"Nipigie huyo mwanamke," akasema. "Nimuulize miche anaimwagilia vipi hadi yake haikunyauka."