Siku Nilipotakiwa Kumtaja Chifu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani hata nikiwa napalilia kahawa. Ni siku niliyopelekwa ukweni mara ya kwanza, kule ziwani upande wa Lipingo, nikiwa bibi harusi mwenye kitenge kipya na viatu vilivyojaa mchanga. Tuliposhuka kwenye gari, hata mgongo sijaunyoosha, akaja bibi mmoja mwenye mvi kichwa kizima. Akapiga magoti mbele yangu, akasema, "Shikamoo, mama."

Mimi! Binti wa Singida niliyelelewa kumwamkia kila aliyenizidi umri, hata kama amenizidi kwa masika moja tu. Nikamtazama mume wangu, Gaudensi. Akaninong'oneza, "Itikia, usimwache chini." Nikasema marahaba, nikamshika mikono ainuke.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimeolewa katika ukoo wa kichifu wa akina Lukwilo. Usishangae, mwanangu. Nilikuja Mbinga kama afisa maendeleo ya jamii, na jioni nilikuwa naandika hadithi. Vitabu vyangu viwili vilikwisha chapishwa. Gaudensi alikuwa bwana shamba, na alinifuata ofisini kuniambia kwamba kitabu cha pili amekisoma na mwisho wake haukumridhisha. Nikampenda kwa ujasiri huo. Siku ile ukweni nilimvuta pembeni nikamwambia, "Nilikuuliza kwenu ni akina nani, ukasema ni wavuvi."

"Ni wavuvi," akasema. "Chifu naye anakula samaki." Kisha akaona uso wangu, akaongeza polepole, "Nilitaka unijue mimi kwanza."

Utasema uchifu ulikwisha futwa na serikali zamani. Ni kweli, lakini heshima haifutwi kwa tangazo. Baba mkwe wangu, Chifu Lukwilo, hakuwa na askari wala mahakama, ila hakuna aliyegawa shamba la ufukweni wala kuanza kupanda muhogo kabla ya kwenda kwake kupiga hodi. Nami, mke wa mwanawe wa kwanza, nikawa mtu wa ajabu. Mbinga mjini nilipanga foleni bombani na ndoo yangu, nikisukumwa kama wenzangu. Nikishuka ziwani likizo, nikigusa ndoo tu mwanamke ananinyang'anya. Chakula changu, ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchoma, kililetwa peke yake, nikala peke yangu, huku nikiwasikia wengine wakicheka jikoni. Je, walikuwa wananiheshimu au walikuwa wananitenga? Nilijiuliza hivyo miaka mingi, na ukiniuliza leo nitakuambia labda yote mawili. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Mimi nililala ndani na bado sikuijua.

Aliyenipa raha mle ni mzee mwenyewe. Alipenda nikae naye barazani, anieleze ninachoandika. Akisikiliza alifumba macho, ukadhani amelala, kumbe ukikosea jina la mtu anakurekebisha. Naye alinisimulia juu ya upepo wa ziwa, juu ya nyavu, juu ya mbwa aliyekuwa naye utotoni. Juu ya kiti chake cha uchifu, na nani atakikalia baada yake, hakunieleza kamwe, na mimi sikumuuliza. Mkwe hamuulizi mzee habari za kifo chake.

Kisha akafa.

Tulishuka kutoka Mbinga chini ya mvua, tukakuta ua umejaa watu. Nilikuwa bado sijakaa na wanawake wenzangu msibani, nikaitwa nyuma ya nyumba. Huko alikuwepo Baba Mdogo Otmari, mdogo wake marehemu, mtu mrefu mwenye sauti ya kwaya.

"Mwanangu," akasema, "wewe ndiye mwandishi wetu. Wasifu wa marehemu utauandika wewe na kuusoma wewe kesho kaburini. Na uweke kwamba kiti ameniachia mimi. Aliniambia kwa kinywa chake."

Nikaitika, maana ndivyo mkwe anavyoitika. Sikufika mbali. Shangazi Editha, dada yake marehemu, alinishika mkono akanipeleka kwenye kibanda cha kukaushia dagaa. "Otmari amekuambia nini? Usimsikilize. Kaka yangu alimtaja Gaudensi. Mume wako! Mimi nilikuwepo. Andika, mwanangu. Wasifu ukisomwa mbele ya padri na diwani na watu wote hawa, hakuna wa kuupindua."

Unaona mahali nilipowekwa? Wote wawili ni wakubwa zangu, wote wameapa kwamba walisikia, na wote macho yao yalikuwa mekundu kwa kilio cha kweli. Nilitaka mmoja wao afanane na mwongo, nipate nafuu. Hakuna aliyefanana.

Nikamtafuta mume wangu. Nilimkuta anawasaidia vijana kufunga turubai. Nikamwita, nikamweleza yote, nikamuuliza, "Na wewe, unakitaka hicho kiti?"

Alikaza kamba iliyokuwa mkononi. "Sijui," akasema.

"Gaudensi, kesho nasimama mbele za watu."

"Nimesema sijui. Asubuhi nilikuwa nakitaka. Nilipomwona baba amelala pale, sikukitaka tena. Sasa unaniuliza, na sijui." Akarudi kwenye turubai lake.

Mwanangu, hakuna kitu kinachovuruga akili kama kumtegemea mtu ukakuta naye anakutegemea wewe. Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Siku ile wazee walikuwepo tele, na neno lilikuwa linaharibika mbele ya macho yangu, tena kwa kalamu yangu.

Nikaenda kwa mama mkwe. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kanga kichwani, wanawake wamemzunguka. Akaniona nilivyo, akawaomba watupishe. Nikamwaga yote. Nilitegemea atanifariji. Alinikemea.

"Nani amekuambia kwamba wewe ndiye unayeamua?" akasema. "Wewe umeshika kalamu, hujashika kiti. Wanakusifu kwamba unaandika, nawe umevimba, unadhani ukoo mzima utasimama au utaanguka kwa mkono wako. Andika ulichokiona. Ambacho hukukiona, waachie waliokiona wabishane wenyewe."

Nikainama. Kisha nikathubutu kuuliza, "Na wewe, mama, ulisikia amemtaja nani?"

Akacheka kidogo, machozi yakiwa bado mashavuni. "Mimi nililala na mwanamume aliyekuwa anakoroma. Huyo ndiye ninayemlilia, si chifu."

Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Hakunijibu, na alikuwa amenijibu. Nikakaa kwenye ngazi za jiko, nikaandika.

Kesho yake, baada ya misa, nikasimama kando ya kaburi. Nilisoma jinsi mzee alivyofumba macho akisikiliza. Nilisoma habari za mbwa wake, watu wakacheka katikati ya kilio. Nilisoma kwamba hakuwahi kumfukuza mtu barazani kwake, hata mlevi. Nikafika penyewe. Baba Mdogo Otmari alikuwa amenyoosha shingo. Shangazi Editha alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama anayenisukuma. Nikasema:

"Kuhusu atakayekalia kiti, mimi sikusikia chochote kutoka kinywani mwa marehemu. Nimeambiwa mambo mawili tofauti, na walioniambia ni wakubwa zangu. Lipi ndilo, sijui. Naomba wazee wa ukoo wakae."

Minong'ono ikaanza. Otmari aligeuka akaondoka kabla kaburi halijafukiwa. Shangazi alipita karibu yangu akasema, "Umemnyima mumeo chakula kilichokuwa mdomoni." Tangu siku hiyo hakusema nami tena hadi alipougua, na hata hapo aliniomba maji tu.

Wazee wakakaa. Walibishana, wakaondoka kwa hasira, wakarudi, wakakaa tena. Mvua zilikuwa zimekwisha walipokubaliana, na kiti wakampa Otmari. Alikikalia vizuri, sitamsema. Gaudensi alipoletewa habari alikwenda ufukweni peke yake. Nilimfuata nikamkuta mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Aligeuka, nikaona anacheka. Kisha nikaona analia. Akaniambia, "Twende nyumbani, mke wangu." Nyumbani baadaye ikawa kijijini Matiri, kwenye kahawa yetu, na hapo tumezeekea.

Mwaka fulani tulikuwa tunapogoa mikahawa, akasema bila kunitazama, "Ningekuwa chifu, nani angekata matawi haya?" Nilisubiri acheke. Hakucheka. Hadi leo sijui kama nilimnyima kiti au nilimwepusha nacho. Nimemuuliza. Kila akinijibu, jibu ni tofauti, na kila jibu analisema kwa moyo wote.

Basi, mwanangu, sikia. Ukiolewa au ukioa penye jina kubwa, watakupa heshima usiyoielewa na kazi usiyoiomba. Heshima ipokee kwa adabu. Kazi itazame kwanza. Ukipewa kalamu, au kipaza sauti, au hiyo simu yenu inayopeleka neno mbali kuliko kengele ya kanisa, sema ulichokishuhudia. Usichokijua, sema hukijui, hata kama mpenzi wako anakutazama, maana neno likitoka halirudi. Wala usidhani ukisema kweli utapata amani papo hapo. Mimi sikuipata. Nilipata usingizi tu, na usingizi si haba.

Mungu akupe ulimi usioona haya kusema "sijui", na mtu wa kukaa naye ndani ya kutokujua huko. Akujalie wakwe wa kukukemea wakati wengine wanakusifu. Nenda salama, mwanangu, uzeeke vizuri.