Uzi wa Mama wa Bibi Harusi

Jamani, nacheka peke yangu nikiandika haya, lakini Jumamosi ile sikucheka. Mimi nasuka nywele hapa Bwera, na naota siku moja kufungua saluni yangu Kasese mjini. Nywele nazijua. Nyepesi nazibana nyuma. Nzito nazifunga uzi kwanza, zinyooke bila moto, ndipo nazipandisha juu zipate heshima ya kanisani.

Basi akaingia mama mmoja wa Butembo, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, kitenge kipya. "Mutoto yangu, fanya mbio. Binti yangu anaolewa saa tano." Akakaa, akaweka mikono yote miwili juu ya meza, akasinzia hapo hapo. Nikadhani ni uchovu wa safari. Nywele zake nzito zilikuwa zimefungwa uzi mweusi, zimesimama kichwa kizima. Nikajisemea, mama huyu mwerevu, amenipunguzia kazi! Nikafungua nyuzi zote polepole nisimwamshe, huku nikijiona bingwa.

Alipoamka akajipapasa kichwa. "Mutindo yangu iko wapi?"

"Mama, uzi nimeshatoa. Nywele zimenyooka kabisa!"

"Ile uzi ndiyo mutindo! Kwetu tunaendaka nayo ku harusi. Mimi nilikuja kupaka rangi ku makucha!"

Mama akajitazama kwenye kioo, akaanza kucheka mpaka machozi. "Basi, zipandishe juu, mutoto. Lakini dada yangu alifunga hii uzi tangu alfajiri. Angalia mulangoni, ni yeye ule anaingia."