Moto Uliokuwa Chini ya Tindiga

Wageni wakifika huku juu wakati maua yamefunguka, wanashuka kwenye magari yao, wanashika viuno na kusema, "Bibi, nyie mnaishi peponi." Wanapiga picha. Mimi nawatazama tu. Njooni mwezi wa sita, nasema moyoni, mje kuchota maji alfajiri, sakitu, umande ulioganda, imelala juu ya nyasi kama unga uliomwagika na vidole havitaki kufunga kwenye mpini wa ndoo. Halafu mniambie habari za pepo.

Mimi nimezaliwa kwenye uwanda huu, nimeolewa hapa hapa, nimezaa na kuzika hapa hapa, na sijawahi kuuona unampenda mtu. Ni vilima vipara, kimoja nyuma ya kingine, nyasi tupu hadi macho yanachoka. Upepo hauna mahali pa kugonga ila kwenye mbavu zako. Ukungu wa kwetu hauji, unavamia. Siku moja nimezunguka zizi langu mwenyewe nikilitafuta. Ng'ombe nawasikia wanalia karibu na sikio, na mimi natukana kwa Kibena maana Kiswahili hakikunitosha. Mvua ya mawe ikishuka inaacha shamba la mahindi kama limepitiwa na wendawazimu wenye fimbo.

Na viumbe vyake ni vijeuri vile vile. Tohe, swala wa nyasini, anasimama juu ya kilima anakupigia mluzi kama mhuni wa stendi ya Makambako, ukigeuka hayupo. Mbweha anakula kuku wako na kesho anapita mbali kidogo, anakutazama usoni. Nungunungu anachagua viazi vikubwa, vidogo anakuachia wewe. Muhanga sijawahi kumwona kwa macho, ila mashimo yake nayajua, moja lilivunja mguu wa ndama wangu. Humo humo kwenye mashimo yaliyoachwa, nyasi mpya zikianza kutoka, kuna mbayuwayu mmoja mweusi wa kung'aa kibuluu, mkia kama nyuzi mbili, anaingia ardhini kujenga. Mara ya kwanza kumwona nilidhani macho yangu yameharibika. Ndege anayeishi shimoni kama panya! Huku hata ndege wanakosa mti.

Katikati ya mteremko wetu na mteremko wa pili lipo tindiga, kinamasi chetu. Ukikanyaga hapa, nyasi zinatikisika pale. Udongo wake ni mweusi kama masizi, na si udongo hasa, ni majani yaliyooza tangu kabla ya babu zetu, yameshindiliwa yakawa kama mkate. Dume la jirani liliingia humo miaka ile na mpaka leo hatujapata hata pembe. Lakini kingo zake ndizo zinatulisha kiangazi. Pale tunalima vinyungu, bustani za kiangazi za mahindi mabichi na maharage, wakati wenzetu wa mabonde makavu wanatafuna midomo. Na mdomo wa chini wa tindiga ndiyo chemchemi yetu, maji ya kuuma meno, nyumba zote za mteremko zinachota hapo. Tindiga likifa, tunahama. Hilo hata mtoto anayetambaa analijua.

Mkwe wangu pia alilijua. Huyu ni mume wa binti yangu wa mwisho. Ni mchapa kazi, nalisema hata kama linanikwaruza koo. Ukoo wake una upande wa juu wa tindiga, na mwaka mmoja akaamua kuukausha alime viazi mviringo vya kiangazi, vitoke wakati sokoni hakuna. Akachimba mfereji wa kufika kifuani, akayapitisha maji pembeni, yakamwagika kwenye korongo upande wa pili.

Nikaenda kumwambia. Sasa lazima nieleze jinsi ya kumwambia mkwe. Kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani. Hatupeani mkono, hatuketi mkeka mmoja, tukikutana njiani yeye anaingia majanini ananipisha. Akiwa na neno analipitisha kwa mke wake, hata kama nimesimama pale nasikia kila kitu. Wa siku hizi wanakumbatiana na wakwe zao harusini mbele ya kamera. Huyu wangu alishika ya zamani, na mimi nilishika, na hapo nilimheshimu.

Basi nikasimama juu, yeye yuko ndani ya mfereji, binti yangu katikati.

"Mwambie mumeo tindiga si chungu, umwage maji upike kingine."

"Mama anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mama viazi si vyura, haviishi majini."

"Mama, anasema viazi..."

"Masikio ninayo. Mwambie baba yake alikula viazi vya mlimani, na alikuwa mrefu kumzidi."

Binti yangu alicheka mpaka akaketi chini. Ilikuwa bado ni mambo ya kuchekwa.

Viazi vikaota vizuri, siwezi kudanganya. Mwezi wa kumi moto ukapita uwandani. Moto wa huku hauna mwenyewe. Ukiuliza nani amewasha, siku hiyo kila mtu alikuwa kanisani. Watu wanachoma ili nyasi changa zichipue kwa ajili ya ng'ombe, na wengine wanachoma kwa sababu wana kiberiti. Ukashuka kilima, ukalamba kingo za tindiga, ukafa hapo. Miaka yote unafia hapo, kwenye maji. Tukalala.

Mwaka huo maji hayakuwepo.

Wa kwanza kuniambia walikuwa vyura. Jua kali, vumbi, na vyura wanavuka njia kwa makundi wakipanda mlima, wengine wanakaukia njiani. Halafu fuko. Fuko anakaa chini ya ardhi, kumtoa ni kazi ya siku nzima na jembe, lakini sasa walikuwa wanatoka wenyewe mchana, vipofu, wanajigonga kwenye mabua. Mbwa walishiba. Watoto walibeba fuko kwa mikia wakirudi nyumbani kama wametoka sokoni, na mama zao wakashukuru kwa kitoweo. Mimi sikukila hicho kitoweo. Nilijiuliza wanakimbia nini.

Asubuhi ukungu ulilala juu ya tindiga, na jua lilipopanda ukungu wa vilimani ukaondoka, ule wa tindiga ukabaki. Nikashuka. Ulinuka kama nywele zikiungua ndani ya sufuria lenye matope. Mkwe alikuwa anapalilia upande wake.

"Mwambie mumeo tindiga linaungua."

Binti akamtazama. Yeye hakuinua kichwa. "Mwambie mama huo ni ukungu."

Nikapiga hatua moja mbele kwenye nyasi zilizokuwa bado za kijani, na mguu ukazama mpaka karibu na goti. Chini hapakuwa na udongo. Palikuwa na jivu na makaa mekundu, kama mdomo wa tanuri. Nikauchomoa mguu, gambuti limekwisha kuyeyuka kisiginoni, nikaliinua juu likiwa linatoka moshi.

"Mwambie ukungu wake umekula kiatu changu."

Moto ule unakula kutoka chini. Juu unaona majani, chini hakuna kitu, na unatembea polepole bila kulala. Ulikuwa unatoka upande wake unaelekea chini, kwenye vinyungu na kwenye chemchemi. Majembe hayauwezi, ukifukua unaupa hewa. Dawa yake ni maji tu, mengi, yarudi mahali pake. Yaani mfereji uzibwe. Na mfereji ukizibwa, viazi vya mkwe wangu vinazama.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akasema, "Bibi, mvua iko karibu, itauzima."

"Mvua ya wapi? Ile ya kwenye redio?"

Akasema atakuja kuangalia. Alikuja, akaangalia, akaondoka ameangalia.

Mkwe naye akaleta neno, safari hii binti yangu alikuja peke yake mpaka jikoni kwangu. "Anasema umngoje, mama. Viazi bado kidogo vikomae. Lori la kutoka Makambako ameshapatana nalo. Likipakia tu, atauziba mfereji mwenyewe kwa mikono yake."

"Na moto amepatana nao? Moto umekubali kungoja lori?"

"Mama, ni viazi vyangu pia."

"Na maji ni ya nani?"

Alikunywa chai yake akaenda.

Kesho yake nikachukua jembe. Nikakata mabonge ya nyasi na mizizi yake, nikasimika mianzi mfereji ulipo mwembamba, nikashindilia. Kazi ile niliifanya peke yangu na mgongo huu huu. Maji yakasimama, yakaanza kutafuta njia ya zamani. Mkwe akaja mbio, akapiga jembe mara mbili, yote yakaenda. Nikaziba tena alipoondoka. Akafungua tena. Watu wakaanza kutoka majumbani kuja kutazama, maana ilikuwa bora kuliko mpira.

Mara ya tatu niliziba, nikamwona anashuka, nikakunja gauni langu nikaingia mferejini. Nikaketi mbele ya mabonge yangu, nimeyaegemea kwa mgongo. Maji yalinifika mbavuni. Maji ya tindiga hayajui mwezi wa kumi. Yana baridi ile ile ya sakitu.

Mkwe alifika na jembe begani akaniona. Akageuka upesi akatazama kilima. Asingeweza kupiga jembe bila kunipiga, na asingeweza kunishika. Alisimama hivyo amenipa kisogo, shingo imemvimba.

"Mwambie mama atoke."

Binti yangu alikuwa amefika anahema. "Mama, toka. Utakufa kwa baridi."

"Mwambie aje anitoe."

"Mwambie mama hii ni aibu!"

"Aibu gani? Mimi nimevaa."

Juu kwenye mteremko wakacheka. Mzee mmoja, ambaye kwake ulanzi, pombe ya mianzi, haukauki hata kiangazi, akapaza sauti: "Mkwe, mbebe mama yako umpeleke nyumbani!"

Mwanamke mmoja: "Mleteeni na sabuni, aoge kabisa!"

"Nyamazeni," nikawaambia. "Mnachota wapi nyie? Kesho mtachota machozi yangu?"

Mkwe alitupa jembe chini. "Mwambie mama kila siku anatangaza kwamba mimi ni mchapa kazi. Leo ananiua. Mwambie nitalisha nini watoto wa binti yake!"

"Mwambie watoto wa binti yangu wanakunywa maji pia."

"Mwambie yeye ameshakula maisha yake!"

"Mwambie nimeyala kwenye tindiga hili, na sijashiba!"

Tulikuwa tunarushiana juu ya kichwa cha mtoto wangu, na yeye alikuwa ameacha kurudia maneno. Alikuwa anatutazama kwa zamu. Kisha akasema, si kwa kelele, lakini wote walisikia:

"Kama ni hivi, mngeoana nyie wawili. Mnapendana kuliko mnavyonipenda mimi."

Neno kama hilo kwetu halitamkwi, hata mlevi hawezi kulitoa, mtu na mama mkwe wake. Yule mzee alivua kofia. Mkwe alichukua jembe lake akaondoka kwa kukata nyasi, bila kufuata njia. Binti yangu akaingia kwenye matuta, akaanza kung'oa viazi kwa mikono, vidogo kama gololi, akivitupa kwenye kanga yake na kulia. Nilimwita. Hakugeuka. Sikutoka mferejini, kwa sababu ningetoka tu yote yangekuwa bure.

Nilikaa mpaka maji yaliposhindwa kupita kwenye mabonge, yakajigawa pande mbili kuingia tindigani. Mchana wote tindiga lilitoa sauti, kama mafuta yanayokaangwa chini ya blanketi, na mvuke mweupe ukapanda kila mahali. Jioni wanawake wawili walininyanyua, miguu ilikuwa imegoma.

Upande wa juu haukupona. Palipoungua pamebonyea, shimo la jivu lenye rangi ya matofali, hata nyasi mbaya hazijapataka. Viazi ambavyo binti yangu hakuwahi kuving'oa vilioza na kunuka hadi mvua zilipoanza. Lori lilikuja, likageuza. Lakini moto haukufika kwenye chemchemi, na vinyungu vya chini vipo, na baraza la kijiji lilikaa likaamua mfereji usifunguliwe tena. Kwenye baraza mkwe aliulizwa kama nilimtukana. Akasema hapana. Mimi nikaulizwa kama yeye alinigusa. Nikasema hapana. Hivyo ndivyo tulivyoshtakiana, kwa heshima.

Tangu siku ile binti yangu hapiti kwangu, na watu wananiambia, bibi, nenda ukamwombe binti yako yaishe. Niombe nini? Nimsamehe kwa lile neno, naweza, akiniomba. Kuomba msamaha kwa ajili ya maji yanayotoka kwenye bomba la Mungu, siwezi, na sitajifunza sasa.

Mwaka huu, asubuhi moja ya sakitu, nilimkuta chemchemini. Juu ya maji palikuwa na barafu nyembamba kama kioo cha taa; aliipasua kwa kitako cha ndoo, akachota. Nilisimama nyuma, ndoo yangu nimeiweka chini. Desturi ni kusaidiana, mmoja anamtwisha mwenzake, maana ndoo ya lita ishirini haipandi kichwani peke yake vizuri. Alijaza mpaka juu. Alinisikia ninavyohema, najua alinisikia. Akapiga goti, akaiinua mwenyewe pajani, kifuani, kichwani, na maji yakamwagika yakamshuka mgongo mzima, kwenye baridi ile. Hakupiga hata yowe. Akaondoka amenyooka.

Mikono yangu ilikuwa mitupu muda wote huo. Sikuinyoosha.