Ndege Niliyoipeleka Mkongo Kuamia Mpunga

Mama mkwe wangu ana shamba la mpunga Mkongo. Mwaka jana, mpunga ulipoanza kukomaa, alitupigia simu Kibiti kuomba mtu wa kumsaidia kuamia, maana ndege walikuwa wamemshinda. Mimi ni fundi simu, na nilikuwa nimeunda ndege ya rimoti kwa lile povu jeupe la kufungia friji. Ilikuwa imesharuka mara tatu. Mara moja ilitua nilipotaka.

"Mama, wewe pumzika," nikamwambia kwa sauti ya rubani. "Jumamosi naja na ndege ya kufukuza ndege."

Tulipofika tulikuta majirani wamejipanga kando ya shamba. Mke wangu alikuwa ameshatangaza. Mama mkwe alikuwa juu ya dungu, kibanda cha miti mirefu cha kulindia mpunga, na kopo lake la kugonga. Kabla ya kurusha, mtu huchezesha rimoti akatazama kama vipapio, vile vibao vidogo vya nyuma ya mabawa, vinageukia upande unaotakiwa. Ni kazi ya sekunde mbili. Sikuifanya. Watu walikuwa wananitazama, nikaona nikianza kukagua watadhani nina wasiwasi.

Ikaruka vizuri. Ndege wakatimka, vigelegele vikapigwa. Kisha ikaanza kulalia kushoto. Nikaipeleka kulia, ikazidi kushoto. Nikakandamiza kulia mpaka mwisho, nayo ikaelekea moja kwa moja kwenye dungu.

"Mama, inama!"

Hakuinama. Ikampita ubavuni, ikagonga nguzo. Bawa moja likanasa kwenye makuti, kilichobaki kikazama topeni.

"Baba," akaniuliza kwa upole, "ndiyo imeshatua?"

"Ni upepo, mama."

Hakuna jani lililokuwa likitikisika.

Nilipoitazama rimoti nikaelewa. Jana yake niliifuta vumbi ili ing'ae mbele ya wakwe, na kitambaa kikasukuma swichi ndogo ya kugeuza mwelekeo. Nikairudisha kimyakimya. Mke wangu nilimwambia tukiwa kwenye bodaboda ya kurudi. Alicheka hadi dereva akapunguza mwendo. Kabla hatujafika Ikwiriri, mama yake alikuwa na habari zote.

Jumamosi iliyofuata nilipanda dungu mwenyewe, nikagonga kopo mpaka bega likauma. Mama mkwe akaniletea uji, akasimama chini akinisikiliza.

"Gonga kwa nguvu, baba," akasema. "Hao ndege hata hawajageuka kukutazama."